Mama yao iko wapi? Maoni yangu kuhusu vifaranga vya msaada na kuku wa lupango

Ile karatoni ilikuwa bado pale nyuma ya nyumba, katika komini ya Kikula, imelowa upande mmoja. Ndani mlibaki manyoya kidogo na kifuniko cha bidoni ambacho watoto walikuwa wakitilia maji. Mama mwenye kunipokea alihama kutoka upande wa Mitwaba pamoja na watoto wake. Alipewa vifaranga 20 vya siku moja, eti msaada wa kuanza maisha upya. Siku ya tano vilibaki viwili. Siku ya nane hakuna hata kimoja.

Alinisimulia bila hasira, sawa mtu anayeeleza habari ya jirani. "Papa wa radio, balituletea bitoto bya kuku. Bilikuwa bizuri kweli. Mi niliuliza tu neno moja: mama yabo iko wapi? Balicheka."

Ndugu wasikilizaji, nimetembea na swali hilo hadi leo. Na kwa kuwa simu nyingi za siku ya posho zinauliza jambo lilelile, kama mtu anayetaka kufuga kuku kwenye lupango aanze na vifaranga ao na kuku wakubwa, nimeona heri niandike mawazo yangu yote hapa, kuliko kuyakatakata katika dakika tatu za hewani. Nasema wazi: kwa jamaa iliyohama, na kwa karibu kila nyumba ya Likasi isiyo na umeme wa uhakika, kifaranga cha siku moja bila mama yake ni zawadi mbaya. Mwenye kupinga, namba ya studio anaijua.

Mimi mwenyewe nilipita njia hiyo, na sikuwa mkimbizi. Nilikuwa na nyumba, mshahara mdogo na kichwa kigumu. Nilinunua vifaranga 50 vya kuku wa mayai katika mwezi wa sita. Mwezi wa sita! Mtu wa Likasi anajua baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,200, na usiku wa kiangazi hata mtu mzima anatafuta blanketi ya pili. Nilifunga balbu moja kubwa juu ya boksi, nikaona mwanga mzuri, nikalala. Usiku umeme ukaenda. Asubuhi nilikuta 31 wamekufa katika pembe moja. Si baridi tu iliyowaua. Kifaranga akisikia baridi anamfuata mwenzake, huyo naye anamfuata mwingine, wanapandiana, na wale wa chini wanakosa pumzi. Bibi yangu hakusema kitu. Alifagia tu.

Uchungu wa jambo hili ni kwamba sisi si watu wa mbali na umeme. Mwadingusha, kwenye mto Lufira, ilianza kutoa umeme mwaka 1930, na Koni ikafuata chini yake kwenye mto huohuo. Ilijengwa kwa ajili ya viwanda vya shaba, na mpaka leo nyaya kubwa zinapita juu ya vichwa vyetu. Lakini nyumba nyingi chini ya nyaya hizo zinawasha mshumaa. Basi mtu asinieleze ufugaji wa balbu kama vile anaongea na watu wa Pretoria.

Tuangalie kitu ambacho kifaranga anahitaji. Katika wiki ya kwanza anahitaji joto la digri 32 hadi 35, mchana na usiku, bila kukatika. Kila wiki unapunguza digri mbili ao tatu, mpaka wiki ya tano ao ya sita, wakati manyoya ya kweli yamemfunika. Kabla ya hapo mwili wake hauwezi kujitengenezea joto la kutosha. Bila umeme unabaki na mbabula. Wako watu wanaoweza kufuga kwa mbabula, nitawataja mbele, lakini ni kazi ya kuamka usiku mara tatu ao nne, ni makala ya kununua kila siku, na ni hatari. Mbabula katika chumba kilichofungwa inaua kuku, na inaua watu pia. Jamaa ya watu 7 wanaolala katika chumba kimoja, unawaambia waweke mbabula ya vifaranga wapi?

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Kifaranga anapotoka kwenye yai anabaki na akiba ya kiini ndani ya tumbo. Akiba hiyo inaweza kumshikilia siku mbili, pengine karibu tatu, bila kula wala kunywa. Ndiyo sababu wafanyabiashara wanaweza kumtia kwenye karatoni na kumsafirisha mbali. Vifaranga vingi vinavyouzwa huku kwetu vinatoka Zambia na kupita Kasumbalesa. Hesabu basi: kutoka mashine hadi mpaka, foleni ya malori, Lubumbashi, halafu barabara ya Likasi. Wakifika kwenye mikono ya mama wa Kikula, akiba ile imeisha ao iko karibu kuisha. Mama anawapokea wakiwa wanapiga kelele, anafikiri ni uzima. Ni kiu na njaa. Jambo la kwanza ni maji, vuguvugu kama inawezekana, na kuchovya mdomo wa kila mmoja ili ajue maji ni nini. Chakula baadaye kidogo. Nani aliwaeleza wale wamama? Nimeuliza nyumba tatu. Walipewa karatoni, wakapigwa picha, wakaweka kidole kwenye karatasi.

Sitaitaja jina ile shirika, na sisemi walikuwa na nia mbaya. Naelewa hata hesabu yao. Vifaranga ni rahisi kubeba, gari moja linatosha nyumba 100, na katika ripoti 20 ni kubwa kuliko 3. Lakini ripoti inaandikwa siku ya kugawa. Hakuna anayerudi siku ya nane.

Tena weka chakula. Kuku wa mayai anakula karibu kilo 7 hadi 8 za provande kabla ya kutaga yai la kwanza, na yai hilo linakuja karibu na wiki ya 18 ao ya 20. Kwa kuku 50, hiyo ni karibu kilo 375, mifuko 7 na nusu ya kilo 50, bila kuona hata yai moja. Wakianza kutaga, kila mmoja anakula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Kuku 50 wanamaliza mfuko kwa karibu siku 9. Miezi minne na nusu ya kutoa franka bila kuingiza kitu. Jamaa inayotafuta unga wa bukari ya leo jioni haiwezi kulisha kuku miezi minne. Itafanya nini? Itawapa pumba tupu, watakua vibaya, watauzwa wakiwa wembamba. Ao kuku watakula unga wa watoto.

Haya. Tuje kwa kuku wakubwa, maana huko pia kuna mtego.

Sokoni kuna wale kuku tunaowaita wa reforme. Ni kuku wa mayai waliokwisha kufanya kazi yao katika shamba kubwa, mwaka mmoja na zaidi wa kutaga karibu kila siku, halafu mwenye shamba anawatoa kwa bei ya chini kwa sababu hawamlipi tena chakula chao. Watu wengi wananunua wakifikiri wamepata bahati. Kwa kupika, ni sawa. Kwa kuanzia ufugaji, fungua macho. Kuku huyo anaweza kukupa mayai miezi kadhaa, lakini kidogo kidogo anapunguza. Akipukutisha manyoya anasimama kabisa kwa muda, na wewe unafikiri umelogwa. Tena hajui kulalia mayai. Walimchagulia damu ya kutaga, wakamwondolea tabia ya kuatamia. Akifa, hakuachii mtoto.

Ukimnunua hata hivyo, usiangalie mwili tu. Kilemba kiwe chekundu na laini, si cheupe na kilichokunjamana. Mgeuze, tafuta mifupa miwili midogo karibu na mahali yai linapotokea: kama vidole viwili ao vitatu vinaingia katikati, bado anataga, kama hata kimoja hakiingii, amesimama. Inua bawa, tafuta chawa. Angalia miguu: magamba yaliyoinuka ni dalili ya wadudu, na mafuta ya mawese yaliyopakwa siku kadhaa yanasaidia. Na muuzaji akikuambia "aliteremka yai leo asubuhi", kila kuku wa soko la Likasi aliteremka yai leo asubuhi.

Kuku yeyote mgeni, hata wa shangazi yako, akae peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganyika na wenzake. Na kama unasikia kuku wanakufa katika mtaa fulani, usiende kununua huko kwa sababu bei imeshuka. Bei imeshuka kwa sababu wenyewe wanakimbiza ugonjwa kabla haujamaliza.

Ugonjwa huo mara nyingi ni Newcastle, ambao ndugu zetu wa Tanzania wanauita kideri ao mdondo. Shingo inapinda, mavi yanakuwa ya kijani, anahema kwa shida, na kwa siku chache lupango limebaki tupu. Hauna dawa ya kuuponya. Una chanjo tu. Zipo chanjo zinazovumilia joto kidogo, zinatiwa tone moja kwenye jicho, na zinarudiwa kila baada ya miezi 3 ao 4. Shida ni kwamba chupa moja ni ya kuku mamia, na mwenye kuku wanne hawezi kuinunua peke yake. Hapa ndipo ningependa kuona pesa za msaada: munganga wa nyama mmoja, baiskeli moja, chupa moja kwa avenyu nzima, siku moja iliyotangazwa kwenye radio. Tungelitangaza bure. Wafanye hivyo mwezi wa nane, kabla ya ile joto ya mwisho wa kiangazi ambayo kila mwaka inatuletea vifo vya kuku.

Sasa kuku ninayemtetea ni yule wa mugini. Mdogo, mwenye miguu mirefu, anayelala kwenye mwembe. Simsifu bila kiasi. Anataga mayai 10 hadi 15, anasimama, analalia siku 21, analea, anaanza tena. Kwa mwaka mayai yake ni 40 ao 60, wakati yule wa shamba anapita 250. Mtu anayetaka kuuza mayai kwenye hoteli asimguse. Lakini huyu ndiye jibu la lile swali la mama wa Mitwaba. Yeye ni balbu ambayo haikatiki usiku. Anawafundisha watoto kunywa, kuchakura, kumkimbia mwewe. Chakula cha nusu anajitafutia mwenyewe.

Udhaifu wake unajulikana: akiachwa azurure na vifaranga, mara nyingi nusu ao zaidi wanapotea kabla ya wiki ya nane. Mwewe, panya, paka, mvua, gari. Dawa yake ni kitunga tu. Mfunike mama na watoto chini ya kitunga kikubwa ao tenga wiki tatu ao nne za kwanza, wapewe maji na chakula mlangoni, watoke kidogo wakati kuna mtu wa kuangalia. Mama anachoka haraka lakini watoto wanabaki.

Na chakula cha watoto hao tuko nacho. Katanga ni inchi ya vichuguu vikubwa kama nyumba. Chukua chungu kilichovunjika mdomo, jaza majani makavu na mavi ya ng'ombe ao ya mbuzi yaliyoloweshwa, kifunike juu ya tundu la mchwa jioni, asubuhi ukikinue. Kitakuwa kimejaa. Hakuna provande inayoshinda hiyo kwa kifaranga. Mzee mmoja wa Panda alinionyesha, akanicheka kwamba nimesoma mpaka diploma ya uandishi wa habari na sijui kutega mchwa.

Kuna jambo la kwetu Likasi ambalo vitabu vya ufugaji havisemi, nalo ni udongo. Kuku anakula udongo kila anapodonoa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Walikuta kobalti na metali nyingine kwa kiasi kikubwa sana, na watoto walikuwa na nyingi kuliko watu wakubwa. Sababu moja inaeleweka: mtoto anacheza chini, mkono unaenda mdomoni. Kuku naye hana hata mkono, anaenda moja kwa moja na mdomo. Inajulikana kwamba risasi, ile tunayoita plomb kwa Kifaransa, ikiwa kwenye udongo inaweza kuingia ndani ya yai. Kwa hiyo nawaambia wa Shituru na wote wanaoishi karibu na takataka za kiwanda, ao kwenye lupango ambapo kijana anaponda na kuosha mawe ya madini: kuku asichakure hapo. Mfungie upande mwingine, mwaga udongo safi uliotoka mbali, mpe chakula kwenye sahani, si chini. Jamaa zilizohama mara nyingi zinapewa viwanja ambavyo wenyeji walivikataa, na mara nyingine kuna sababu walivikataa.

Sisemi vifaranga ni vya kutupa. Namjua kijana wa Panda anayelea 200 kwa mpigo, bila umeme. Ana chumba kidogo cha matofali ya udongo, magunia ukutani, maranda ya mbao chini, mbabula mbili zenye kifuniko na tundu la moshi juu, na mdogo wake analala mlangoni. Pembe zote amezifunga kwa karatoni iliyopindwa ili vifaranga visipate mahali pa kurundikana. Anachanja Newcastle siku ya 7, Gumboro siku ya 14, anarudia kama munganga alivyomwandikia. Haanzi kamwe kati ya mwezi wa tano na wa nane. Bado anapoteza wachache. Huyo ni fundi, na ni kazi yake ya kila siku.

Ndiyo maana pendekezo langu kwa mashirika ni hili. Mnunue hivyo vifaranga, lakini msiviweke kwenye mikono ya mama mwenye mzigo wa watoto watano. Vipeni vijana kama huyo wa Panda, mkawalipe wavilee mpaka wiki ya nane, vimechanjwa, vina manyoya, vinakula vyenyewe. Halafu mgawe: wanne ao watano kwa nyumba badala ya 20. Ao, kwa pesa ileile, nunueni kuku wa mugini watatu na jogoo mmoja ambaye si ndugu yao. Pesa inabaki mjini, na kuku wanabaki hai.

Na muwaulize wanaopewa. Likasi si mji wa jana katika habari za kuhama. Wazee wanakumbuka 1992 na 1993, jamaa za Kasai zimelala kwenye stesheni zikingoja gari la moshi. Waliotoka pembe ya Manono, Mitwaba na Pweto wakati wa Kata Katanga walikuwa wakulima na wafugaji kabla ya kuitwa wakimbizi. Yule mama alikimbia na kuku wawili kwenye kitunga, miguu imefungwa. Mmoja walimla njiani. Wa pili alimpa mwenye lori, ndiyo ilikuwa nauli ya watoto. Ungeweza kulipa nauli kwa karatoni ya vifaranga?

Lipo pia suala la lupango la watu. Mwenye kukaribishwa hana sauti, na kuku hajui mpaka. Anaingia kwenye lengalenga ya jirani na vita inaanza. Mama huyu alimwomba kwanza mwenye nyumba, wakapatana kwamba samadi itakuwa ya bustani yake. Hapo jirani mwenyewe akaleta mabati mawili ya zamani kwa ajili ya kibanda.

Maana kuku anaye sasa. Mmoja tu, mweusi, aliyebadilishana na mwanamke wa sokoni kwa siku nne za kumfulia nguo. Nilipopita tena analalia mayai 9 nyuma ya mlango, katika sufuria iliyotoboka, na watoto wamekatazwa kupiga kelele upande ule. Mama anachora mstari wa makala ukutani kila asubuhi. Jana nilihesabu mistari 17.